Mkono Ulio Karibu na Gia

Gari lilikuwa moja, bei zilikuwa tatu. Pikapu tatu zilipangwa kwenye sakafu ya vigae inayong'aa, zote nyeupe, zote na pua ileile, na mtu aliyepita nje ya kioo angeapa kwamba ni mapacha. Lakini muuzaji, binti mwenye viatu vya kugonga sakafu, alizigawa kwa madaraja: hii ya chini, hii ya kati, hii ya juu.

"Zote ni otomatiki, na zote zina fowili," alisema. "Ukitaka magurudumu yote manne yavute, yatavuta. Tofauti ni nani anayeiweka. Hii ya chini unaweka mwenyewe, kwa gia hii ndogo hapa katikati ya viti. Ya kati ni hivyohivyo, ila ina viti vya ngozi na redio kubwa. Ya juu hugusi kitu. Gurudumu likiteleza fowili inaingia yenyewe, ukirudi kwenye lami inatoka yenyewe."

"Ya juu tu?" aliuliza mke, ambaye alikuja na mumewe kununua na ndiye aliyekuja na maswali.

"Ya juu tu, mama."

Sijui ni nani huko viwandani aliyekaa kitako akaamua kwamba mtu aongezewe redio kabla ya kuongezewa usalama, lakini ndivyo ilivyokuwa, na binti wa watu hakuwa na kosa. Yeye aliuza alicholetewa.

Mume alisimama mkono wa kulia kiunoni, wa kushoto mfukoni mwa koti. Watu walimwita Difu, kwa sababu hakukuwa na mazungumzo, hata ya posa, ambayo asingeyafikisha kwenye difu, ile gia kubwa ya gari iliyo katikati ya magurudumu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akishusha maziwa ya wafugaji wa mlimani hadi kwenye tangi la ubaridi la ushirika, na kuhusu tope hakuna aliyethubutu kubishana naye. Halafu kiharusi kikampitia. Kidogo tu, daktari alisema, na kweli mguu ulirudi, mdomo nao ukarudi mahali pake. Mkono wa kushoto ndio uliokwenda bila kuaga. Difu aliwaambia watu umepona. Alimwambia na mke wake umepona, na mke wake, ambaye ndiye aliyemfunga vifungo vya shati asubuhi ile, alimjibu kwamba ni jambo la kushukuru.

"Njia yenu ikoje?" muuzaji aliuliza.

"Vipandevipande," mke alisema. "Lami, tope, lami tena, tope tena. Mkandarasi alikimbia katikati ya kazi."

"Basi hii ya juu ndiyo yenu. Njia ya kuchanganya ndiyo iliyotengenezewa."

"Hatuihitaji," Difu akakata. "Hizo ni za watu wanaoendesha huku wanaongea na simu. Mimi fowili naweka kwa mkono tangu wewe hujazaliwa."

Tuseme ukweli: hata angeililia, mkopo wa ushirika ulikuwa unaishia daraja la chini, na wote wawili walilijua hilo kabla ya kuvuka kizingiti. Lakini kuna kukosa kitu, na kuna kukikataa ili usionekane umekikosa. Difu alichagua kukikataa, na kwa muda mfupi alijisikia vizuri.

"Sawa, mzee. Kaa ujaribu gia yake. Ikiwa mpya huwa ngumu kidogo."

Akapanda nyuma ya usukani, upande wa kulia. Gia ndogo ilikuwa kushoto kwake, karibu kabisa na goti. Difu akageuza kiwiliwili kizima, akauvusha mkono wa kulia mbele ya tumbo, akaishika na kuisukuma huku bega likimgonga kidevu.

"Tumia mkono ulio karibu nayo, mzee," binti alimwelekeza kwa upole kabisa, bila kujua alichosema.

"Nimezoea hivi."

Mke akachuchumaa akaanza kukagua tairi la mbele, tairi jipya lisilo na kitu cha kukaguliwa. Alibaki pale mpaka aliposikia mlango wa gari umefungwa.


Mvua zilikuja mapema mwaka ule, na mwenyekiti wa ushirika alikuja nazo. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa sebuleni kwao, akanywa chai, akasifia gari, ndipo akasema kilichomleta.

"Difu, ulipougua tulikusubiri. Wafugaji wa mlimani walimwaga maziwa kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza ile njia, nao hawakulalamika. Sasa gari umepata. Lakini maziwa yakifika yamechachuka, tangi haliyapokei, na mimi nitampa mtu mwingine njia. Usije ukanichukia."

"Hayatachachuka."

"Na mkono?"

"Mkono uko sawa," Difu alisema, na mkono ukabaki mfukoni.

Nyumba nzima ilikula kwa njia ile ya maziwa. Lakini tusidanganyane kwamba Difu alihofia chakula tu. Alihofia kuwa mtu wa kukaa barazani akihesabu magari ya wenzake.

Shida yake ilikuwa hii. Dukani gia ile ilisogea, lakini injini ikiwaka haikukubali kuingia gari likiwa limesimama. Ilitaka gari litembee taratibu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye gia, na njia yenyewe ilikuwa ya kuweka na kutoa, kuweka na kutoa, kila lami ilipoishia na kila ilipoanzia. Mtu mwenye mikono miwili hata hafikirii. Difu alifikiri sana, kisha akapata ujanja. Asubuhi, akiwa bado uani kwake, kwenye udongo laini, alilitembeza gari pole, akaubana usukani kwa magoti, akavusha mkono wa kulia, akaweka fowili. Halafu akaiacha humohumo. Akaenda nayo kwenye tope, akaenda nayo kwenye lami, akarudi nayo nyumbani.

Kila dereva wa tope anajua kwamba hilo halifanywi. Kwenye kona kila gurudumu linataka kwenda mwendo wake, na fowili ya namna ile imeyafunga yote pamoja. Kwenye tope yanateleza kidogo, yanasameheana. Kwenye lami hakuna pa kuteleza, kwa hiyo linalosalimu amri ni giaboksi. Usukani unakaza, gari linajivuta, tairi zinalia kwenye kila kona. Na hakuna aliyelijua jambo hilo kuliko Difu, aliyekuwa akiwasimamisha madereva wenzake barabarani kuwakaripia kwa kosa hilohilo.

Mke alikuwa akianika nguo aliposikia. Kona ya mwisho kabla ya geti lao ilikuwa ya lami, na pikapu mpya iliikata ikilia kama mtoto anayeogeshwa kwa nguvu. Shati alilokuwa nalo mikononi akalirudisha kwenye beseni.

Alimngoja asogeze gari chini ya paa la mabati. Akaenda akasimama dirishani.

"Baba, gari linalia."

"Tairi mpya hizo. Zitazoea."

"Lilikuwa linalia kwenye kona."

"Nimekwambia tairi."

Mke akachungulia ndani. Gia ndogo ilikuwa mbele, palepale ilipotakiwa isiwepo. Difu naye aliitazama, halafu akatazama mbele, kwenye ukuta, kana kwamba kuna barabara.

"Nilipokuwa naendesha gari la chekechea," mke alisema, "ulinipeleka mlimani kwa pikapu ya zamani ukanifundisha. Ulisema mtu anayekwenda na fowili kwenye lami, heri achukue nyundo alipige gari lake mwenyewe, angalau ataokoa mafuta. Nilicheka sana siku ile."

Difu hakucheka. Alivusha mkono wa kulia akaivuta gia irudi. Haikutoka. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikamtoka, gia haikusogea.

"Imekaza," mke alisema. "Rudi nyuma kidogo, ilegee."

"Najua."

"Najua unajua."

Gari likarudi nyuma hatua chache, tumbo lake likatoa mlio mmoja mzito, na gia ikatoka.

"Kwa hiyo mkono haujapona," mke alisema.

"Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua. Nilikuwa nangoja uniambie."

Difu akapandwa na hasira, kwa sababu hasira ndiyo iliyokuwa karibu. "Nikuambie ili nini? Ili nikalinde geti la mtu? Au nikae hapa nimenye viazi kwa mkono mmoja, uwe unanipigia makofi? Nikiiacha hii njia mimi ni nani? Niambie."

Mke alifungua mlango, akamshika bega, akamshusha kama alivyomshusha siku ile ya kutoka hospitali, ila safari hii Difu hakuhitaji kushushwa na bado alikubali.

"Wewe ni mume wangu unayeua gari," alisema. "Kesho nakuja na wewe. Nitakaa upande wa pili. Ukiniambia weka, naweka. Ukiniambia toa, natoa."

"Dereva gani anawekewa gia na mkewe? Watu watasema nini?"

"Waseme. Wakimaliza kusema watakunywa chai ya maziwa."


Kesho yake mvua ilikuwa imenyesha mpaka ikachoka. Walitoka kabla jua halijatoka vizuri, mikebe mitupu ikigongana nyuma. Lami ilipoisha, Difu alisema "weka", mke akasukuma gia. Lami iliporudi, Difu alisema "toa", mke akavuta. Mara ya kwanza alichelewa kidogo, mara ya pili hakuchelewa, na walipofika kipande cha tatu Difu alikuwa ameanza kupiga mluzi. Mke aligeukia dirishani ili asionekane anavyotabasamu. Alikuwa na furaha ya kijinga kabisa, ya mtu aliyedhani ameshatatua jambo.

Kilichobaki kilikuwa mlima wenyewe. Ule haukuwa na lami hata ya kuombea. Udongo mwekundu, mifereji miwili mirefu iliyochimbwa na magurudumu, na kushoto mtaro. Juu, kwenye kona, wafugaji walikuwa wamesimama na maziwa yao, wakiwaona wanavyokuja.

"Iko?" Difu aliuliza.

"Iko."

Gari likapanda. Likapanda vizuri, magurudumu yote manne yakila tope, mpaka gurudumu la mbele lilipokanyaga ukingo wa mfereji na usukani ukaruka. Usukani ukiruka hivyo unashikwa kwa mikono miwili. Difu aliushika kwa mmoja. Wa kushoto aliutoa mfukoni, akaurusha palepale, nao ukagusa usukani na kuteleza kama kitambaa. Pikapu ikainama ubavu, magurudumu ya kushoto yakashuka mtaroni polepole kwa heshima zote, na kiti cha mke kikalala upande wa mtaro.

Injini ikazimika. Hakuna aliyeumia. Juu kule mtu mmoja alisema "jamani".

"Niliweka," mke alisema. "Nakuapia niliweka, iliingia."

"Iliingia. Umeweka vizuri."

"Sasa imekuwaje?"

Difu alikuwa akiutazama mkono wake wa kushoto uliolala pajani, umefunguka, kiganja juu. Tangu siku ya kwanza alikuwa akiilaumu gia. Alikuwa akiota, aibu iliyoje, ile pikapu ya daraja la juu. Mara mbili alipita nje ya kioo cha lile duka akaiangalia, akijiambia kwamba angekuwa nayo hiyo asingekuwa na tatizo. Sasa fowili ilikuwa imewekwa, imewekwa kwa wakati wake na mkono mzima wa mtu, na bado yuko mtaroni. Hata ile inayojiweka yenyewe ingempeleka hapahapa. Isingemshikia usukani.

Akautazama mkono wa kulia. Ulikuwa bado umeubana usukani, mkono wenye nguvu zake zote, upande wa dirisha, mbali na gia. Kwenye kiti cha pili mke wake alikuwa ameshika gia kwa mkono wa kulia pia, kwa kuwa kutoka kiti kile ndio uliokuwa karibu nayo.

Wafugaji walikuwa wameanza kuteremka, wakivuta viatu kwenye tope, na Difu alijua kwamba wakishafika hatakuwa na ujasiri tena.

"Shuka," alisema.

"Umekasirika?"

"Sijakasirika. Mlango wako umebanwa na mtaro, pitia huku kwangu. Ukishapita, kaa hapa."

Mke alidhani hakusikia sawasawa. "Hapa wapi?"

"Nyuma ya usukani. Una mikono miwili, si unayo? Mimi nitapita nikae hapo ulipo. Mkono wangu mzima utakuwa karibu na gia." Akasogeza goti ampishe. "Tope ninalijua mimi. Usukani utaushika wewe. Tukisubiri watu wafike tutaanza kuzungumza, na tukizungumza sitaweza."

Wakapishana ndani ya gari lililoinama ubavu, viwiko na magoti, yeye akipita chini na mke akipita juu, kofia ikaanguka, mke akakanyaga kofia, na katikati ya kupishana huko walijikuta pua kwa pua, wakacheka. Hawakuwa wamecheka hivyo tangu kabla ya hospitali.

Mfugaji wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja mwenye buti za mpira, mdomo wake haujawahi kupumzika. Alipoona nani yuko kwenye usukani alisimama.

"Difu. Umemwachia mama usukani?"

"Mimi niko kwenye gia," Difu alisema. "Sukumeni."

Mke akawasha injini, nao wakasukuma. "Usiangalie gia," Difu alimwambia mke wake kwa sauti ya chini. "Gia ni yangu. Wewe angalia njia. Usukani ukiruka usishindane nao, ushike tu, mikono miwili. Usipige breki hata mbingu ikianguka. Haya. Mafuta kidogo. Kidogo tu, kama unamsogelea mtoto aliyelala."

Gari likatikisika, likang'ang'ania, likatoka mtaroni likiwarushia wafugaji tope mpaka kwenye meno. Mama wa buti alitukana kwa furaha. Mke alikuwa analia na hakujua analia, macho kwenye njia, mikono miwili kwenye usukani, na walipofika juu hakusimama mpaka Difu alipomwambia mara ya pili kwamba wamefika.


Kushuka na mikebe iliyojaa kulichukua muda wao wote. Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha tangi, saa mkononi. Alilifuata gari kwenye dirisha la dereva kama alivyozoea, akainama, akamkuta mke.

"Difu yuko wapi?"

Mke alifungua mdomo amwokoe. Angesema anaumwa kichwa, angesema lolote.

"Niko huku," Difu alisema kutoka kiti cha kushoto.

Mwenyekiti akamtazama kupitia mbele ya mke, kisha akazunguka pua ya gari. Difu akashusha kioo. Akauchukua mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu anayebeba kitu cha mwenzake, akauweka juu ya dashibodi mahali ambapo kila mtu angeuona.

"Nilikudanganya," alisema. "Huu haushiki. Hautashika tena, nadhani. Usukani anao mke wangu, ana leseni na anaendesha vizuri kuliko nilivyotarajia. Mimi naweka gia na kumwambia tope linataka nini. Ukitaka kumpa mtu mwingine njia, mpe. Lakini onja kwanza maziwa."

Mwenyekiti akaenda nyuma, akafungua mkebe mmoja, akanusa, akachota kwa kifuniko, akaonja. Akafungua wa pili nao hivyohivyo.

"Mazima," alisema. Akarudi dirishani, akaangalia ule mkono kwenye dashibodi, akaangalia pembeni. "Kesho nani anakuja?"

"Kesho tunakuja wote," mke alisema.

"Na nikiuliza dereva ni nani?"

Difu na mke wake walitazamana.

"Uliza yeyote kati yetu," Difu alisema.

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Haya, shusheni mikebe, kabla hayajawa mtindi huku tunaongea."


Njia ya kurudi Difu hakusema "toa" wala "weka". Lami ilipoanza, mkono wake ulikuwa umeshaivuta gia kabla mke hajahisi chochote. Tope liliporudi, ulikuwa umeshaisukuma. Mke aliacha kungoja amri. Aliendesha tu, na gari likawa linajua lenyewe.

Walipokaribia kwao alipunguza mwendo, akaikata ile kona ya lami iliyo mbele ya geti. Usukani ulizunguka laini. Difu alikuwa ameinamisha kichwa, sikio chini, kama daktari anayesikiliza kifua.

"Umesikia?" aliuliza.

Mke alisikiliza. "Sijasikia kitu."

"Ndiyo hivyo," Difu alisema.

Akashuka kufungua geti. Mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia nje ya koti, na jirani aliyekuwa akifagia alipomsalimia, hakuurudisha mfukoni.